Nyumba ya kupanga mlimani Igogo: mboga za familia zinaweza kutoka uani?

Mpangaji wa Igogo ameuliza:

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Naomba ushauri wa watu wanaolima wenyewe mjini, hasa walioko hapa Mwanza, kwa sababu maelezo mengi ninayokutana nayo yanamhusu mtu mwenye nyumba yake, uwanja wa udongo na bomba lisilokauka, na mimi sina hata kimoja kati ya hivyo.

Tunaishi Igogo, upande wa juu kabisa, katika nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili na kibaraza, paa la bati. Tuko watu watano, akiwemo mama mkwe wangu. Uani kuna sakafu ya saruji yenye upana wa hatua tatu na urefu wa hatua nane, na nyuma yake limekaa jiwe kubwa ambalo ndilo ukuta wetu wa nyuma. Jua linapiga pale kuanzia saa nne asubuhi hadi jioni. Maji ya bomba huja kwa mgao, na yasipokuja tunamlipa kijana atupandishie madumu kutoka bondeni. Udongo wa maana haupo. Uliopo ni changarawe iliyomomonyoka kutoka kwenye mawe.

Sitafuti bustani ya kupendezesha macho. Kila siku natoa fedha gengeni kwa mafungu ya mchicha na matembele, nyanya, bamia na vitunguu, na mwisho wa mwezi nikijumlisha napata kiasi ambacho kingesaidia ada ya mtoto. Mume wangu anasema kama ni kuanza, tuanze kweli: mahindi kwenye magunia, kuku, bwawa la samaki la turubai, na tuache kabisa kwenda sokoni. Mimi namwambia haraka haraka haina baraka. Naomba mtusaidie kuamua: eneo kama hili linaweza kulisha nini na haliwezi nini, maji tutayatoa wapi, na mpangaji afanye nini ambacho anaweza kuhama nacho?

Mzee wa Luseni amejibu:

Binti yangu, nimefanya kazi ya ugani katika kanda hii hadi nilipostaafu, kwa hiyo nitaanza na hesabu ya mume wako, maana hiyo ndiyo itakayowapatanisha. Familia ya watu watano inayokula ugali kila siku inahitaji si chini ya kilo mia tano za nafaka kwa mwaka. Mkulima mdogo wa mahindi anayepata tani moja na nusu kwa hekta anavuna gramu mia moja na hamsini tu kwenye mita moja ya mraba. Gawanya, utaona kwamba ugali wenu unahitaji karibu ekari nzima, na ninyi mna mita kumi na tano za saruji. Mahindi kwenye gunia yatawapa watoto mahindi ya kuchoma siku mbili, kisha gunia litakuwa limekalia nafasi miezi mitatu. Nafaka inunuliwe, ninyi limeni kile ambacho bei yake gengeni ni kubwa kuliko kazi yake, yaani mboga za majani.

Hapo hesabu inageuka. Mchicha uliotunzwa vizuri hutoa kilo mbili kwa mita ya mraba katika muda wa mwezi mmoja. Ukiacha njia ya kupita, mtabaki na mita kama kumi za kupandia, ambazo ni kilo ishirini kwa mwezi, na hizo zinatosha mboga ya majani ya mlo mmoja kila siku kwa watu watano. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtu ale gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, kwa hiyo mtaendelea kununua matunda, nyanya na vitunguu. Kuacha sokoni kabisa hakupo. Kupunguza safari za gengeni kwa nusu kupo, na si jambo dogo.

Sasa udongo. Changarawe hiyo, ambayo sisi Wasukuma tunaiita luseni, msiitupe. Inapitisha maji na mizizi inapumua ndani yake; kasoro yake ni kwamba haina chakula na inakauka upesi. Chukueni ndoo mbili za luseni iliyochekechwa, ndoo moja ya samadi ya ng'ombe iliyooza hadi imekuwa nyeusi na haina tena harufu ya zizi, na ndoo moja ya mboji. Kama mtapata udongo mweusi wa mbuga, ongezeni kidogo, kama robo ya ndoo, kwa ajili ya kushika unyevu. Msijaze chombo kwa udongo wa mbuga peke yake: ukilowa unaziba, ukikauka unapasuka na kukata mizizi. Samadi inapatikana kwa wafugaji wa pembezoni kama Kisesa na Buhongwa, lakini kabla ya kulipa ingiza mkono katikati ya lundo. Ukihisi joto, bado haijaiva, na itaunguza miche.

Kuhusu vyombo, watu wengi watawaambia mtumie magunia makubwa. Mimi siwaungi mkono kwa sababu ninyi ni wapangaji. Gunia la kilo mia la mahindi likijazwa udongo uliolowa hukaribia kilo mia mbili, na siku ya kuhama mtaliacha hapo hapo au mtalipasua. Ndoo ya lita ishirini iliyolowa ina kilo kama thelathini, na watu wawili wanaibeba bila matatizo. Toboeni matundu matano au sita chini, kila moja la ukubwa wa kidole kidogo, wekeni kokoto kimo cha vidole vitatu, kisha udongo, na acheni nafasi juu ili maji yasimwagike mnapomwagilia. Viroba vya sandarusi vya kilo hamsini, vikikunjwa hadi nusu, vinafaa pia, ingawa jua huvichakaza na baada ya mwaka mmoja hivi vinaanza kusambaratika. Chombo chochote kilichowahi kubeba dawa ya mimea, mafuta ya gari au asidi ya betri kisitumike, hata kama kimeoshwa mara ngapi.

Anzeni na matembele. Ombeni vipande vya mbegu kwa jirani, vyenye urefu wa shubiri moja na nusu, mfukie theluthi mbili ya kila kipande kwa kukilaza kidogo, na katika mwezi mmoja mtaanza kuchuma vichwa. Kadiri mnavyochuma ndivyo yanavyotawi, na hayahitaji kununuliwa mbegu tena maisha yenu. Mchicha usieni kila baada ya wiki mbili, ndoo chache kwa awamu, ili usiwe tayari wote siku moja; ukifika wiki ya nne uwe umekwisha kuliwa, kwa maana ukichelewa unatoa mbegu na majani yanakuwa magumu. Sukuma wiki mkichuma majani ya chini tu itawapa mboga kwa miezi mingi. Mnavu na mgagani vinapenda joto na havidekezi mtu. Bamia pia inafaa karibu na jiwe hilo, ambalo najua linawapelekea joto hata usiku.

Nyanya ziacheni kwanza. Tangu mwaka 2014 tuna mdudu anayeitwa kantangaze, ambaye kiwavi wake anachimba ndani ya jani na ndani ya tunda, na dawa nyingi za dukani hazimfikii huko alikojificha. Mtu mwenye ndoo tatu za nyanya anamlisha kantangaze. Pandeni nyanya chungu.

Dada wa Pasiansi amejibu:

Mzee amemaliza upande wa udongo, shikamoo Mzee. Mimi nitazungumzia maji, kwa sababu mlimani bustani haifi kwa kukosa mbolea, inakufa wiki ile ambayo bomba halikutoka na mwenye bustani akaona uchungu kumwagia mchicha maji aliyoyalipia.

Ndoo ishirini za mboga hazihitaji maji mengi kama watu wanavyodhani. Zikiwa zimetandazwa pumba za mpunga juu ya udongo kwa unene wa vidole viwili, na zikimwagiliwa jua likishatua, lita moja hadi moja na nusu kwa kila ndoo inatosha siku ya kiangazi. Hiyo ni dumu moja na nusu. Pumba nendeni kwenye mashine za kukoboa, ambako mara nyingi ni uchafu wanaotafuta mtu wa kuwaondolea. Tafuteni zile ngumu za ganda la nje. Pumba laini ni chakula cha mifugo na zina bei yake.

Dumu moja na nusu kwa siku ninyi tayari mnalo ndani ya nyumba. Maji ya kuoshea mchele, dagaa na mboga yaende kwenye ndoo moja kwa moja. Maji ya kufulia yagawanyeni: yale ya kwanza yenye povu zito la sabuni ya unga yamwageni chooni, maana chumvi zake zinarundikana kwenye udongo na kuugandisha, lakini maji ya suuza ya pili yanafaa. Yamwageni kwenye udongo, si kwenye majani, na msiirudie ndoo ile ile kila siku. Mvua ikinyesha itasafisha kilichobaki.

Halafu kuna bati. Milimita moja ya mvua ikidondoka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Tuseme paa lenu ni mita thelathini: mvua moja nzuri ya milimita ishirini ni lita mia sita, na hata tukitoa sehemu ya tano inayorukia nje na kufurika, zinabaki lita mia nne na themanini, ambazo ni madumu ishirini na manne ambayo hakuna kijana aliyeyapandisha. Mwanza tunapata takribani milimita elfu moja kwa mwaka, nyingi zikiwa kati ya Oktoba na Desemba na tena kuanzia Machi hadi Mei. Tatizo letu ni mahali pa kuyaweka. Gata fupi la upande mmoja wa paa na pipa la lita mia mbili ni mwanzo unaotosha, na vyote viwili mnaweza kuvifungua na kuhama navyo. Dakika za kwanza za mvua, hasa baada ya kiangazi, yaacheni maji yapite bila kuyakinga, kwa sababu yanaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Pipa lifunikwe kwa kitambaa au wavu mwembamba, mkikusudia kufuga mboga na si mbu.

Lakini kitu ambacho ningekionea wivu ni jiwe lenu. Jiwe tupu halinywi maji. Mvua yote inayolidondokea inateremka. Wakati wa mvua simameni uani muangalie maji yanashuka kwa njia ipi, halafu kwa saruji kidogo na mchanga jengeni tuta dogo la kimo cha vidole vinne, likatishe mteremko kwa mshazari na kuyaelekeza mahali pamoja penye pipa. Yatakuja na mchanga na majani, kwa hiyo si ya kunywa, ila mboga haiulizi. Wenzetu wengi milimani wanalalamika kwamba maji ya mawe yanawabomolea uzio, na kumbe hayo hayo ndiyo wanayoyanunua mwezi wa saba.

Neno moja kuhusu maji ya ziwani, kwa sababu Igogo mko karibu nayo. Watoto wasitumwe kuingia majini kuchota. Vimelea vya kichocho vinatoka kwenye konokono wa kando ya ziwa na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini. Maji yaliyokwisha kuchotwa, yasiyo na konokono, yakikaa siku mbili kamili vimelea hivyo vinakuwa vimekufa, lakini vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo ni habari nyingine, kwa hiyo msiyamwagie majani yatakayoliwa mabichi.

Kijana wa Mwaloni amejibu:

Nawasalimu. Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa na sina bustani, ila naona jambo moja limesahaulika. Mzee amesema nafaka inunuliwe. Inunuliwe lini, na iwekwe vipi? Kujitegemea kwa mtu wa mjini kunaanzia hapo, kabla ya mchicha.

Anayenunua dagaa kikombe kwa kikombe anamlipa kila mtu aliyeshika kile kikombe kabla yake. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu mwanga wa taa hauwavuti, wavuvi wanapumzika, na bei inapanda. Njooni soko la Mwaloni katikati ya kipindi cha giza, mnunue wa mwezi mzima, wawili au watatu mkichangia na majirani. Dai dagaa waliokaushwa kwenye chanja au nyavu, si waliotandazwa mchangani. Chukua kiganja kimoja, wapeperushe, kisha angalia kilichobaki kiganjani: ukiona mchanga, unanunua ufukwe kwa bei ya dagaa.

Mpunga ununueni wakati wa mavuno, Mei hadi Julai, na muuhifadhi ukiwa na maganda, mkikoboa kidogo kidogo. Mahindi yawekwe kwenye ile mifuko ya tabaka tatu ambayo wengi wanaiita kinga njaa. Ukiifunga vizuri hewa inakwisha ndani na dumuzi wanakufa bila dawa yoyote. Sharti yawe makavu kweli. Weka kiganja cha mahindi na kijiko cha chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa kwa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani.

Mtu akiwashauri mapanki, yaani mifupa ya samaki iliyobaki baada ya minofu kuondolewa, kwa ajili ya mboji, ni kweli ni mbolea kali, lakini kwenye uwanja wa hatua nane mtaalika panya wote wa kata. Afadhali vumbi na vichwa vya dagaa kidogo, vifukiwe katikati kabisa ya lundo na kufunikwa kwa majivu na pumba.

Nyamanoro Juu amejibu:

Nasikitika kumpinga shemeji yetu, mume wa muulizaji, ila samaki aachane nao. Bwawa la turubai linataka maji yabadilishwe mara kwa mara, na umeme au mtu wa kuyavuruga ili samaki wapate hewa, mahali ambapo mmesema wenyewe maji yanapandishwa kwa mgongo wa mtu.

Kuku ni mjadala. Ninafuga wachache, na siwezi kusema wananipa mayai ya bure, kwa sababu kuku aliyefungiwa anakula chakula cha kununua. Faida ninayoiona ni mbolea, na mabaki ya jikoni hayatupwi. Kabla ya kununua hata mmoja, mwulizeni mwenye nyumba, kisha ofisi ya mtaa iwaeleze sheria ndogo za halmashauri zinasemaje kuhusu mifugo katika makazi yaliyobanana. Mkikubaliwa, chanjo ya mdondo isikose kila baada ya miezi mitatu, tone moja jichoni. Kichupa kimoja kinatosha kuku wengi, kwa hiyo panga siku moja na majirani wenye kuku. Mwenye kuku watano asipochanja anaweza kuamka hana hata mmoja, na mtaa mzima ukafuata. Kinyesi chao kisiwekwe kibichi kwenye ndoo. Kikae kwenye mboji hadi kipoe.

Na tahadhari kwa wanaopenda mashudu ya pamba kwa kuwa ni rahisi kanda hii: kwa ng'ombe ni chakula kizuri, lakini yana sumu inayowadhuru kuku na kuharibu rangi ya kiini cha yai.

Mpangaji wa Igogo amejibu:

Nawashukuru sana, na Mzee nakuamkia, shikamoo. Nimemsomea mume wangu hesabu ya ekari. Amenyamaza kidogo, kisha akasema basi yeye atashughulikia tuta la kwenye jiwe. Kuku tumewaahirisha.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Mama mkwe, ambaye ni mtu wa Kwimba, anasema tumesahau kunde, na kwamba mvua za Novemba zikianza mboga zitakuwa nyingi kuliko tunavyoweza kula, kwa hiyo tukaushe. Je, kwenye ndoo kunde zinafaa? Na mwenye nyumba amekubali kwa shingo upande. Anahofia ndoo zitalowesha ukuta na sakafu yake.

Mzee wa Luseni amejibu:

Marahaba, binti yangu. Mama mkwe wako asikilizwe. Kunde zinafaa, panda mbegu tatu au nne kwa ndoo, na anza kuchuma majani machanga wiki ya tatu au ya nne kabla haijatoa maua. Haina haja ya samadi nyingi. Ukiizidishia inatambaa tu. Mizizi yake inaongeza rutuba, kwa hiyo ikiisha ikate juu ya udongo, mizizi ibaki, na mchicha ufuate kwenye ndoo hiyo hiyo.

Nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, mama anajua kuitengeneza, na hapo sitamfundisha. Nitaongeza kitu kimoja tu. Desturi yetu ni kuanika juu ya jiwe, kwenye jua kali, na jiwe mnalo. Lakini jua la moja kwa moja linaua sehemu kubwa ya vitamini A ya majani. Yachovyeni kwenye maji yanayochemka kwa dakika mbili, yachujeni, kisha yaanikeni kwenye chekeche au wavu ulioinuliwa kutoka kwenye jiwe, huku kitambaa chepesi cha rangi nyeusi kikiwa kimetandazwa juu kama kivuli. Joto la jiwe litafanya kazi yake kutoka chini. Yakivunjika vidoleni badala ya kujikunja, yamekauka, na yafungwe siku hiyo hiyo kwenye chombo kisichopitisha hewa. Yakipikwa na karanga mwezi wa nane, mtasahau bei ya gengeni.

Kwa mwenye nyumba, ndoo zisigusane na ukuta. Acheni nafasi ya shubiri nzima ambayo fagio linaweza kupita. Ziwekeni juu ya vipande vya mbao au matofali mawili mawili ili chini pakauke, na zipangeni upande ambao sakafu inateremkia nje, si inapoteremkia mlangoni. Gata msilipigilie misumari kwenye kenchi zake kabla ya kumwonyesha mahali na kukubaliana kwamba mkihama mtaling'oa au atawarudishia gharama, na makubaliano hayo yaandikwe nyuma ya mkataba wa pango, pande zote mbili mtie sahihi.